Kificho cha magunia: shajara ya kupiga picha ndege wa kaskazi, Sabaki na Mida

14 Oktoba 2023. Kuanza

Ndege wamefika. Juzi baada ya kufunga duka nilitembea ufukweni kuelekea mdomo wa mto Sabaki, hapa kwetu Malindi, nikakuta vitwitwi, ndege wadogo wa matopeni, kwa mamia wametapakaa kwenye tope, wanadonoa bila kuinua vichwa. Wengi walikuwa Calidris ferruginea, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Huyu huzaliana Siberia, kule juu kabisa kwenye ardhi ya barafu, kisha hushuka mpaka kwetu. Kwao kukiingia baridi, kwetu kunaingia kaskazi, naye hukaa nasi mpaka Aprili.

Msimu uliopita nilipiga picha zaidi ya elfu tatu na sikuipenda hata moja. Zote nilipiga nimesimama, kwa hiyo zinaonyesha mgongo wa ndege na tope. Nyingi zinaonyesha mkia, kwa sababu ndege alikuwa ananikimbia. Mwaka huu nataka mambo mawili. Lenzi iwe chini, usawa wa jicho la ndege mwenyewe, na ndege asiruke kwa sababu yangu. Hilo la pili nalitilia mkazo. Kitwitwi anapokula hapa anaweka mafuta ya safari ya kurudi, na kila anaporushwa anachoma alichokula.

Ninayemtaka kuliko wote ni yule mla kaa, Dromas ardeola: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mweusi mnene, miguu mirefu ya kijivu inayoelekea samawati. Yeye hatoki Siberia. Huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni, Ghuba ya Uajemi na Pembe ya Afrika, na kati ya ndege wote wa matopeni ndiye peke yake anayechimba shimo refu mchangani na kutaga humo, yai moja jeupe. Kaskazi ikiingia, Hori ya Mida humpata.

Kamera na lenzi ya mm 150–600 ni mtumba, nilizinunua mwaka jana kwa shilingi 92,000, sitazihesabu humu. Nitahesabu kila kinachonunuliwa kuanzia leo. Kificho cha kwanza, yaani kibanda cha kujifichia ndege wasinione: paipu 4 za plastiki za nusu inchi, 1,000, viungo 8, 240, neti ya kivuli ya kijani, ile ya vitalu vya miche, mita 4, 600. Jumla 1,840. Mimi ni fundi cherehani, kushona hakukunigharimu. Kimo ni cha mtu aliyekaa kwenye kibao cha mbuzi.

29 Oktoba 2023. Jaribio la kwanza, Sabaki

Picha 412. Nilizobakisha: hakuna.

Nilitoka alfajiri kwa bodaboda, nikasimamisha kificho kwenye mchanga wa kusini wa mdomo wa mto saa moja kasorobo, nikaingia ndani nikifurahi kwamba nimewahi kabla ya jua kali. Niliwahi kwa saa, lakini kwa maji nilichelewa. Jana mwezi ulikuwa mpevu, kwa hiyo leo ni bamvua, yaani maji makubwa, na bahari ilikuwa imejaa usiku, ikaanza kutoka mimi nikiwa njiani. Maji yalipokuwa yanarudi nyuma, ndege waliyafuata ukingoni. Saa mbili walikuwa hatua 60 kutoka kwangu. Saa tatu walikuwa hatua 300, nukta tu.

Jua nalo lilikuwa usoni mwangu. Ufukwe wetu unatazama mashariki, jambo ambalo mtoto wa Malindi hahitaji kuambiwa, na bado nilikaa asubuhi nikiielekeza lenzi baharini. Kila ndege alitoka kivuli cheusi.

Baada ya saa tatu mchanga ukapata moto na mazigazi yakaanza. Kwa macho huyaoni sana, lakini lenzi ya mm 600 huyakuza pamoja na ndege. Picha zote za saa ile ni kama zimepigwa kupitia mvuke wa chungu. Nilidhani fokasi imeharibika, nikahangaika nayo karibu saa nzima. Fokasi ilikuwa nzima, hewa ndiyo iliyokuwa inacheza. Kwa umbali wa hatua 20 mazigazi hayana nguvu hiyo, kwa hiyo dawa yake ni kuwa karibu au kuja wakati mchanga umepoa.

Na neti. Upepo mdogo tu wa maleleji ulitosha kuipigapiga kwenye paipu. Ndege hawakuuzoea ule mlio muda wote niliokaa.

Wakati nafungasha, mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza nyavu alinisalimu, nikamwamkia, akaniuliza nawinda nini. Nilipomweleza akacheka kidogo kwa upole. "Mwanangu, wewe unamfuata ndege, na ndege anafuata maji. Ungeyauliza maji kwanza." Akanionyesha mwinuko wa mchanga nyuma yetu, akasema alasiri bahari ikijaa hawa wote watasukumwa mpaka pale. "Rudi saa tisa. Lakini jua likizama usikae hapa. Viboko hutoka mtoni."

Sikuweza kurudi siku ile, nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza. Maneno yake nimeyaandika ukutani dukani.

19 Novemba 2023. Mto umejaa

Sabaki haifikiki. Mvua za El Niño zimepiga bara na zimepiga pwani, na mto huu hubeba vya wote: juu huko ni Athi, katikati ni Galana, kwetu ni Sabaki, na udongo wa njia yote unateremka hapa. Bahari mbele ya mji imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Fungu la mchanga alilonionyesha mzee silioni tena kwa mbali. Hakuna picha, hakuna ndege, nami sitatia mguu kwenye maji yale.

Nimeutumia mwezi kwa mambo mawili yaliyokuwa na faida kuliko safari yoyote.

La kwanza ni maji. Nimekaa na jedwali la maji la Kilindini, lile linalochapishwa na Mamlaka ya Bandari, nikalilinganisha na saa za jua. Wavuvi wanalijua jambo hili bila karatasi, lakini mimi nilihitaji kuliona. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, kwetu bahari hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne na nusu. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo siku za bamvua, yaani mwezi wenyewe na siku tatu nne zinazofuata, maji hujaa alasiri wakati jua liko nyuma yako upande wa bara, mchanga unapoa, na ndege wanasukumwa juu kukufuata wewe. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa kati ya saa nne na saa sita, jua liko utosini, tena hayapandi vya kutosha kuwasukuma ndege. Kwa mwezi mzima nina siku kama 8 nzuri. Nimezitia alama kwenye kalenda mpaka Aprili na wateja nimewaambia siku hizo nafunga saa saba.

La pili ni kitambaa, na hapa nina uchungu kidogo, maana kitambaa ndiyo kazi yangu. Neti ya nailoni ina makosa matatu. Ikilowa inang'aa. Ikipigwa na upepo inalia. Na rangi ya kijani haipo kwenye tope. Kijani kiko kwenye mikoko tu. Nikachukua magunia ya katani, ya zamani, 6 kwa shilingi 60, jumla 360. Sindano ya gunia na uzi, 120. Gunia halina mng'ao wowote, linanyonya maji likawa zito, na likiwa zito halichezi.

Pindo ndilo ninalojivunia. Badala ya kushindilia vigingi, nimeshona pindo pana la sentimita 8 kuzunguka chini yote, wazi kama mfereji, na mlango wa kujazia kila kona. Ukifika unajaza mchanga wa pale pale, unalikalisha chini, upepo haupati pa kushika. Ukiondoka unamwaga, unakunja, unatia begani. Kimo nimekishusha kutoka cha kukaa hadi cha kulala: urefu mita 1.8, upana sentimita 90, kimo sentimita 60 mbele na 40 nyuma. Paipu ni zile zile, nimezikata. Tundu la lenzi ni soksi ya gunia inayofungwa kwa kamba kwenye shingo ya lenzi, ili mkono usionekane ukicheza.

Nimeyaloweka magunia siku mbili kwenye ndoo ya matope. Yananuka, lakini sasa ukiyaweka chini hata mimi inabidi nitafute yalipo.

17 Desemba 2023. Sinia

Ukilala chini, stendi ya miguu mitatu haikufai. Unahitaji kitu kipana kisichozama kwenye tope, kinachoteleza ukikisukuma. Nikanunua sinia la alumini la kulia pilau, la sentimita 45, kwa 450. Fundi wa kuchomelea akanitobolea tundu katikati kwa 100. Ukingo wa sinia uliopanda unazuia maji yasimwagikie ndani.

Kosa liko kwenye boliti. Nilinunua boliti ya milimita 6 na nati na washa, shilingi 40, nikaijaribu kwenye mguu wa lenzi, ikaingia, nikaikaza, ikakaa. Ilikuwa inacheza kidogo na nikasema itatosha. Tundu la kamera ni la robo inchi, yaani milimita 6.35, na meno yake yameachana kuliko ya boliti ya milimita 6. Zinaonekana kama ndugu, lakini boliti ile inashika jino moja au mawili tu. Leo asubuhi, kwenye ufukwe wa mjini ambako nilikwenda kujaribu tu, nilisukuma sinia mbele, lenzi ikainama taratibu, ikaangukia ubavu kwenye mchanga uliolowa, na wimbi dogo likapita juu yake.

Niliinua mara moja, nikafuta kwa leso, nikaona inafanya kazi. Nikamshukuru Mungu na kuendelea. Ningepaswa kuifuta kwa kitambaa chenye maji matamu, kisha kikavu, kisha kuilaza mahali pakavu usiku kucha. Naiandika hapa kwa sababu nina wasiwasi.

Marekebisho: kwa muuza vitu vya zamani sokoni nimepata stendi mbovu ya kamera kwa 300. Nimeing'oa kichwa chake, ambacho kina boliti ya robo inchi ya kweli, nikakifunga kwenye sinia. Sasa haitikisiki. Atakayefuata shajara hii aanze hapo hapo. Sinia, tundu, boliti mbovu na stendi: 890.

28 na 30 Desemba 2023. Mida, makosa mawili

Mida iko kama kilomita 20 hivi kusini mwa mji, matatu ya kwenda Mombasa hukuteremsha barabarani na unamalizia kwa miguu. Pale kuna daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko mpaka kwenye banda la kutazamia ndege, lililowekwa na A Rocha Kenya ili mapato yasaidie karo za watoto wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori. Anayeanza aende kwenye banda lile kwanza. Liko juu, halifai kwa picha za usawa wa jicho, lakini utajifunza ndege wanalala wapi maji yakijaa. Mimi nililitumia siku ya kwanza kutazama tu, kisha nikawaomba vijana waongozaji ruhusa ya kuweka kificho kwenye uwanda wa mchanga pembeni, wakanionyesha mahali ambapo sitakanyaga miche ya mikoko.

Tarehe 28 nilikuja na mtoto wa kaka yangu, shule zimefungwa. Tuliteremka matatu saa tisa, tukafika uwandani saa tisa na nusu, na ndege walikuwa wameshaanza kupanda. Nikafikiri nikitambaa polepole na gunia mgongoni hawatanijali. Nilipofika kama hatua 50, sululu mmoja, ndege mkubwa kati ya wale wa matopeni, akainua shingo akasimama. Jirani yake akasimama. Wote wakageuka kuuelekea upepo. Nikaendelea hatua mbili zaidi, na uwanda wote ukainuka, mamia kwa mpigo, mlio wake kama kitambaa kirefu kinachochanwa.

Walizunguka juu ya hori kwa dakika 10 nzima. Nilizihesabu kwa saa. Sehemu zao nyingine za kupumzika zilikuwa zimeshafunikwa na maji, hawakuwa na pa kukaa, na sababu ni mimi. "Shangazi, tuondoke wapate kushuka," mtoto akaniambia, na alisema kweli. Tuliondoka bila picha.

Tangu siku ile nina sharti. Ingia kificho saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa, uwanda ukiwa mtupu. Usitoke mpaka maji yamepungua na ndege wameondoka wenyewe kufuata tope. Maana yake ni saa nne hadi tano za kulala kifudifudi. Beba maji, jisaidie kabla. Na jifunze dalili: ndege akiacha kula ni onyo la kwanza, akiinua shingo ni la pili, wakigeuka wote upande mmoja umeshachelewa.

Tarehe 30 nilifika saa nane, nikaingia mapema, kila kitu sawa, ila kificho nilikiweka chini mno. Saa kumi na moja maji yaliingia chini ya pindo, kimya, yakanilowesha kifua. Sinia lilielea vizuri, hilo nimefurahi kulijua. Dawa yake ilikuwa mbele ya macho yangu: maji ya bamvua huacha mstari wa majani makavu ya mikoko na takataka. Kificho kikae hatua mbili juu ya mstari wa jana ikiwa bamvua inapungua, na hatua tano ikiwa bado inapanda. Pia ndani ya hori maji huchelewa. Kwa saa yangu, yalijaa kama nusu saa baada ya ufukwe wa mjini.

13 Januari 2024. Mida, wamekuja

Mwandamo ulikuwa juzi. Niliingia kificho saa tisa kasoro dakika 10, pindo limejaa mchanga, lenzi kwenye soksi, leso yenye maji shingoni. Uwanda ulikuwa mtupu, kaa tu wadogo wenye gando moja kubwa wakipunga kwenye milango ya mashimo yao. Mwanzoni waliingia wote ndani kwa ajili yangu. Baada ya robo saa wakatoka, wa kwanza karibu na sinia, na nikajua kificho kimekubalika.

Saa kumi vitwitwi wa kwanza walifika kwa miguu. Walikuwa wanatembea mbele ya maji, wanadonoa, wanasogea, wanadonoa. Kati yao alikuwepo Xenus cinereus, yule mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu na miguu ya rangi ya chungwa. Huyu hadonoi kwa utaratibu kama wenzake. Anakimbia akiwa ameinama, anageuka ghafla, anamkamata kaa, kisha anakwenda naye mpaka kwenye maji na kumwosha kabla ya kummeza. Alimwosha mmoja hatua 8 mbele ya lenzi.

Ndege wala kaa walifika kumi na moja kasoro, kwa kuruka, chini juu ya maji, thelathini na wanne. Walishuka hatua 40 kutoka kwangu na wakaanza kutembea. Nilikuwa sipumui vizuri. Maji yaliwaleta. Mimi sikusogeza kitu ila kidole.

Nitaeleza picha moja. Mkubwa mmoja alisimama kabisa, kama anasikiliza. Mbele yake kaa wa ukubwa wa kifuniko cha chupa alikuwa nje ya shimo. Ndege alikimbia hatua nne, akampiga kwa ule mdomo mnene mara moja, akamwinua, akamtikisa mpaka gando likaruka pembeni, akamtupa chini, akamwinua tena. Hapo kinda akaja mbio, mkubwa kama mzazi wake, lakini kijivu pale penye weusi, ameinama na kulia mfululizo. Wala kaa huja na watoto wao mpaka huku na huendelea kuwalisha, jambo ambalo ndege wengi wa matopeni hawafanyi. Mzazi aligeuka nusu, akasita, akampa. Nina picha saba za tendo lile, na ya tano ina macho yote mawili, ya mzazi na ya kinda, na kaa katikati.

Kwa wanaotaka namba: kasi ya shata 1/2000, tundu f/8, ISO 640 mpaka 1000 jua lilipoteremka. Ndege mweupe kwenye tope jeusi huidanganya kamera. Huona giza, huongeza mwanga, na manyoya huungua yakawa karatasi tupu. Punguza theluthi mbili ya stopu kabla hawajafika, usingoje kuona kwenye kioo. Picha 640, nimebakisha 23.

Nilitoka kificho saa moja usiku, wao wakiwa wameshashuka na maji. Wakati nakunja, keremkerem wekundu walikuwa wanaingia kulala kwenye mikoko, makundi kwa makundi, wekundu hata kwenye mwanga ule wa mwisho. Kamera ilikuwa imeshafungwa. Nilisimama tu nikatazama.

28 Januari 2024. Chumvi imedai

Lile wimbi la Desemba halikusahau. Jumanne pete ya kukuza ya lenzi ilianza kukwaruza, Alhamisi ikakwama kwenye mm 400. Nimepoteza bamvua yote ya mwezi mpevu wa tarehe 25.

Nilimpelekea fundi Mombasa. Alipoifungua nilikuwepo: chumvi ilikuwa imekauka kwenye mfereji wa pete, nyeupe kama unga, na chini yake kutu ya kijani. Shilingi 3,500, na nauli 1,000 kwenda na kurudi. Alinieleza kwamba maji matamu saa ile ile yangeyeyusha chumvi kabla haijaingia. Mchele, ambao kila mtu hushauri, hauondoi chumvi. Chumvi hubaki pale pale maji yakikauka.

Utaratibu mpya kila nikirudi: kitambaa chenye maji matamu kwenye mwili wote na pete zote, kitambaa kikavu, kisha kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kukaushia unyevu ninavyokusanya kutoka kwenye masanduku ya viatu. Sinia na boliti naziosha na kuzipaka mafuta ya cherehani. Kwenye mfuko nabeba chupa ndogo ya maji matamu ambayo si ya kunywa.

11 Februari 2024. Sabaki tena

Mto umetulia. Mdomo umebadilika, mchanga umehamia kaskazini, lakini mwinuko mpya umejitengeneza na ndege wameujua kabla yangu. Niliingia saa nane u nusu, bahari ilijaa karibu saa kumi na moja, na Calidris alba walinipa burudani: wadogo, weupe, wanakimbia mbele ya wimbi na kulifuata likirudi, bila kuchoka. Hao hawana kidole cha nyuma, na ukiziona picha za nyayo zao mchangani hutakiona. Shakwe na buabua walitua nyuma yao kwa wingi. Picha 18 nzuri.

Saa kumi na mbili kamili nilikunja na kuondoka, ingawa mwanga ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nilipogeuka darajani, vichwa viwili vya viboko vilikuwa majini. Yule mzee alikuwepo. Nilimwonyesha picha ya wala kaa kwenye kioo cha kamera, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe analisha."

24 Machi 2024. Ramadhani, na rangi zimegeuka

Kesho mwezi mpevu, maji yalijaa saa kumi. Nililala kificho tangu saa saba na nusu na saumu yangu, chini ya magunia yaliyolowa, na sikupata kiu niliyoitarajia. Gunia lililolowa hupoza kuliko turubai lolote. Afya ikikubali, inawezekana.

Nimekuja kwa ajili ya rangi. Calidris ferruginea aliyekuja Oktoba akiwa kijivu sasa anavaa nguo ya kwao. Kifuani wameanza kuwa wekundu wa matofali, kwa viraka, wengine nusu, mmoja karibu wote. Na wamenona. Ukilinganisha picha ya 13 Januari na ya leo, tumbo limeshuka, shingo imejaa. Hawakuinua kichwa kwa saa nzima. Kumrusha ndege mwezi huu ni kosa kubwa kuliko wakati wowote, kwa hiyo nilipoona kundi limekaa hatua 6 mbele yangu, na mlio wa shata ukamfanya mmoja asite, niliacha kupiga mpaka likasogea.

Picha 11. Futari ilinikuta kando ya barabara nikingoja matatu: tende tatu na maji.

14 Aprili 2024. Kufunga msimu

Idi imepita, kusi inanusa, mvua inakuja. Jana Mida nilikuta vitwitwi wachache na wala kaa watano, wote wa kijivu, vijana ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa na hubaki huku wenzao wakienda.

Hesabu ya msimu: kificho cha kwanza 1,840, magunia, sindano na uzi 480, sinia na mambo yake 890, lenzi kutengenezwa pamoja na nauli 4,500, nauli za Sabaki, safari 6 kwa 300, na Mida, safari 8 kwa 400, jumla 5,000. Yote ni 12,710. Humo, 6,380 ni neti na paipu nilizonunua kabla ya kufikiri, boliti ya shilingi 40, na matokeo ya boliti hiyo. Kiingilio cha Mida sikukitia, ulizia pale pale.

Picha zilizobaki ni 71. Tatu nimezichapisha kubwa. Ile ya kaa na kinda iko dukani, juu ya meza ya kukatia.

Nikianza upya ningefanya kificho kirefu kwa sentimita 20, miguu yangu ilikuwa inatoka nje. Soksi ya lenzi ningeishona mara mbili, kwa sababu kamba inaikata. Magunia nimeyasuuza kwa maji ya mvua, yamekauka, yako juu ya kabati pamoja na sinia. Kona ya kushoto ya pindo imefumuka na inavuja mchanga. Nitaishona kabla ya Agosti, wa kwanza wanapoanza kurudi.